Katikati ya Vibonye Viwili

Hata wiki haijaisha tangu arudi Kaole na stashahada yake ya muziki, Nadhira alimtahayarisha shangazi yake mbele ya wanawake kumi na wawili.

Ilikuwa alasiri, uani kwa shangazi mwenyewe, Bi Somoe, mwimbaji wa kikundi chao cha taarabu kwa miaka thelathini. Walikuwa wakifanya mazoezi ya harusi ya kijiji cha Zinga, Jumamosi ile. Kila Bi Somoe alipofika kwenye neno "moyo", sauti yake ilishuka kidogo chini ya kinanda cha Nadhira, ikamkera kama mchanga kwenye wali.

"Shangazi, umeteleza tena!" Akamsogezea simu yake yenye programu ya kupimia sauti. Mshale ukawa mwekundu.

"Haya! Simu imemkataa Bi Somoe!" alidakia Adila, mmoja wa waitikiaji. Ua mzima ukaangua kicheko.

Bi Somoe alimkabidhi Adila kipaza sauti, akajifunga kanga vizuri, akaenda kukuna nazi.

Adila aliimba, mshale kijani mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyetikisa bega.

Asubuhi yake Nadhira alisikiliza rekodi za mazoezi huku simu ikipima. Kwenye "moyo" ya kwanza ya shangazi, mshale ulisimama katikati ya vibonye viwili vya kinanda. Ya pili, palepale. Ya saba, palepale. Uso ukamwaka moto. Anayekosea hukosea huku na kule. Nani hukosea mara saba mahali pamoja? Akajaribu mwenyewe. Mshale ukarukaruka kama panzi.

Alimkuta Bi Somoe jikoni akichambua mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Ile 'moyo'... hukuteleza."

"Najua. Marehemu Mwinyimvua, mpiga fidla wetu, alinifundisha mwaka mzima mpaka nikaipata. Fidla haina vibonye, mwanangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbele ya watu? Na stashahada yako mbichi hivyo, nikutie aibu?"

Nadhira alitamani ardhi immeze. "Nisamehe, shangazi. Rudi uimbe Jumamosi."

"Mimi hukunipima jikoni," alisema Bi Somoe, akarudi kwenye mchele wake.

Basi alasiri, mbele ya wanawake wale wale, Nadhira aliyasema yote, ulimi mzito, macho mkekani.

"Kumbe stashahada nayo huteleza!" alisema Adila. Wakacheka.

Bi Somoe alikichukua kipaza sauti kutoka kwa Adila. "Jumamosi naimba mimi. Nikifika kwenye 'moyo', wewe ondoa mikono kwenye kinanda chako." Kisha akaigeuza simu kifudifudi, akampa Nadhira kipaza sauti. "Leo imba wewe."

Nadhira akaimba. Sauti ikapita juu, wakacheka.

"Tena."

Ikapita chini.

"Tena."

Mara ya tano hakuna aliyecheka. Walikuwa wakimhurumia, na hilo lilimchoma kuliko kicheko.

"Tena," alisema shangazi yake.