Safu ya Hapana

Zilikuwa zimebaki siku tatu watu wa Bihambwe, kijiji cha milimani Masisi, waanze safari ya kurudi kwao, wakati Libérata alipopata habari kwamba kwenye shule ya mjukuu wake kulikuwa na listi. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua mbegu za maharagi. Aliyeleta habari ni Papa Sebarenzi, jirani yake wa tangu kule kilimani, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akiwakusanya watu wa kurudi. Alisimama mbele yake, kofia mkononi.

"Mama Libérata, Gentille iko ku listi?"

"Listi gani?"

"Ya vijana. Banasema banatafuta vijana ba kusafirisha."

"Kusafirisha wapi?"

Sebarenzi alielekeza kidole juu. Libérata akainua macho, asione kitu ila kipande cha turubai kilichoziba tundu la bati.

"Ku paa?"

"Kupita paa, mama! Kupita mawingu. Fasi ya nyota."

"Weye, asubuhi hii umekunywa nini?"

"Maji matupu. Nakwambia kile nilisikia ku kisima. Bamama banakimbia kule na karte zao. Ikuwe nyota, ikuwe mwezi, listi ni listi."

Hapo Libérata hakucheka tena. Miaka miwili ya kuishi Walikale kama mkimbizi ilikuwa imemfundisha habari za listi. Walioandikwa walipata ndoo, sabuni na blanketi. Wasioandikwa walipata pole. Na kila listi ilikuwa na siku ya kuitwa majina: usipokuwepo siku hiyo unafutwa, na safari nyingine ukija na shida yako unaulizwa mbele za watu, "Si tulikuita?" Hakuna mtu aliyekuwa kwenye listi aliyeondoka mjini kabla ya kuitwa.

Hilo ndilo lililomtia hofu, si nyota. Kama jina la Gentille liko kwenye listi, Gentille hataondoka Jumatatu. Na bila Gentille yeye angerudije? Ilikuwa safari ya siku nne kwa miguu, tano kwa magoti kama yake. Na wakati haukungoja mtu. Mvua za Septemba zilikuwa zimeshaanza, na kule Bihambwe maharagi yakichelewa kupandwa huliwa na baridi. Hapa Walikale alijaribu kuyapanda mara mbili. Joto la msitu liliyapa majani mapana mazuri, ganda hata moja hakuna.

Gentille alikuwa na miaka kumi na sita. Céline, mama yake, alifariki mtoto hajaota meno, na tangu hapo walikuwa wawili tu. Mwezi uliopita Libérata alikuwa amemwuliza, "Tutarudi kwetu, siyo?" Gentille alikuwa anakunja nguo. Akamjibu bibi yake, "Kama unataka, Koko." Libérata akalichukua jibu hilo akaliweka, kama mtu anavyoweka mbegu bila kuangalia kama zina fukusi.

Alijifunga kitenge, akachukua fimbo, akaenda shuleni.

Akina mama kumi na wawili hivi walikuwa wamemzunguka Mwalimu Valens uani, kila mmoja na karte yake ya kitambulisho mkononi. Valens alikuwa kijana mwembamba mwenye suruali moja aliyoipiga pasi kila siku. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Bamama, haiko safari," alikuwa akisema. "Ni swali tu. Niliisikia ku redio, nikauliza batoto: kama mutu anakupa nafasi ya kupanda juu, kupita mawingu, utakubali ao utakataa? Kila mutu aliandika jina yake fasi ya Ndiyo ao fasi ya Hapana. Kesho batajadiliana mu kalasi. Njo ile tu."

"Swali tu?" mmoja akauliza. "Haiko hata na mafuta ya kupika?"

Wakacheka, na wengine wakaanza kuondoka. Lakini mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni hakuondoka. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Alisema ametembea kwa saa tatu. "Andika tu, Mwalimu," alisema. "Kama swali inageuka safari, mutoto wangu asibakie inje."

Valens angeweza kumcheka. Badala yake aliinama, akauliza jina la mtoto linaandikwaje, akaliandika polepole kwa herufi kubwa. Libérata aliliona jambo hilo na hakulisahau.

Zamu yake ilipofika alisema, "Miye nilikuja kutosha jina, mulifute."

Mwalimu akainua kichwa. "Kutosha?"

"Gentille. Mutoshe. Jumatatu tunarudia kwetu."

"Mama, niko mwalimu miaka kenda. Sijaona hata siku moja mutu anakuja kutosha jina ku listi." Akamshika mkono kwa upole, akampeleka darasani mpaka kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Libérata alijua kusoma, lakini kwa kidole. Safu ya Ndiyo ilikuwa imejaa mpaka chini, majina mengine yamepanda pembeni kama mchicha ulioota nje ya shamba. Safu ya Hapana ilikuwa na majina matatu. La pili lilikuwa Gentille.

Kidole chake kikakaa pale muda mrefu.

"Haina haja ya kumutosha," alisema hatimaye.

Alirudi nyumbani magoti hayamwumi sana. Mtoto amekataa nyota, alijiambia. Wenzake wote wanataka kwenda, yeye hataki kuniacha. Alimkuta Mama Françoise jikoni akitwanga sombe, majani ya mihogo. Huyu alikuwa mwenyeji wao, mzaliwa wa Walikale, aliyewapa chumba cha nyuma siku walipofika na mvua; na kwa miaka miwili hakuwahi kutamka "chumvi yangu" wala "kuni zangu".

"Batoto bote banataka kwenda," Libérata alimwambia. "Wangu alikatala."

"Kama vile ulimuzaa weye mwenyewe," Mama Françoise alisema, bila kuacha kutwanga.

Kesho yake, siku ya majadiliano, wazazi waliruhusiwa kuingia. Libérata alichelewa kwa sababu ya kilima, akaketi benchi la mwisho, nyuma ya Papa Sebarenzi, ambaye mgongo wake ulikuwa mpana kama mlango. Kutoka pale aliwasikia vijana vizuri kuliko alivyowaona.

Wa kwanza alikuwa Élie, kijana mrefu mwenye sauti ya kuuza bidhaa sokoni.

"Miye naenda leo leo!" alisema. "Kule juu hakuna bariyere ya kufunga njia. Hakuna mutu wa kuniuliza karte, unatoka wapi, unaenda wapi."

Darasa likapiga makofi.

"Na rezo?" akauliza mmoja anayeitwa Darius. "Kule simu itashika rezo?"

"Mujinga weye, rezo njo inatokea kule!"

Myriam akasimama. Yeye angekubali, alisema, lakini wamrudishe kabla ya siku ya Mungu kwa sababu anaimba korali.

"Baki tu kule," Élie alimwambia. "Sauti yako, hata bamalaika batakimbia."

Wakacheka mpaka wazazi nao wakacheka. Libérata alicheka pia, lakini alikuwa anasikiliza kitu kingine chini ya vicheko. Kila aliyesema Ndiyo alitaja kwanza kile atakachokiacha: tope, bariyere, kulala na viatu miguuni. Nyota zenyewe hakuna aliyezizungumzia. Aliwahurumia. Watoto wamechoka namna hii, akawaza, na bado hawajalima hata shamba moja.

"Sasa watu wa Hapana," Valens alisema. "Gentille."

"Anaogopa kupanda ndeke!" Élie alipiga kelele.

"Siogopi ndeke. Sijaipanda, nitaiogopa namna gani?" Ilikuwa sauti ya Gentille, kavu kidogo. Akangoja wanyamaze. "Munasema safari ni kitu muzuri. Miye nilisafiri. Tulitoka Bihambwe niko na miaka kumi na tatu. Tukalala Nyabiondo, tukalala mu kanisa, tukalala fasi sijue hata jina. Kalasi ya pili ya sekondari nilianza mara tatu. Niko na makahiye ine ya kuandikia masomo ku nyumba, yote iliandikwa mpaka katikati, kisha tunakimbia. Leo mutu akikuja kuniambia, panda, kuko nafasi, ikuwe ku mwezi, ikuwe Goma, ikuwe hata kwetu Bihambwe, nitamwambia aksanti, nimechoka. Nataka kubakia fasi moja mpaka nimalize kahiye moja."

Hakuna aliyepiga makofi.

Papa Sebarenzi hakugeuka nyuma. Alijua aliyekaa nyuma yake ni nani, na alijua Jumatatu alipanga kuondoka na mjukuu wake. Aliiweka kofia gotini, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeanguka humo, na Libérata alimshukuru moyoni kwa kutomwangalia.

Aliondoka kabla hawajamaliza. Kilima kilikuwa kirefu kuliko asubuhi. Alikuwa ameisoma ile Hapana kwa kidole, herufi kwa herufi, na furaha yake ikaijibu kabla hajamwuliza aliyeiandika.

Jioni Gentille aliporudi, alimwuliza tu, "Nani alishinda?"

"Watu wa Ndiyo, Koko. Balikuwa bengi."

"Mm," alisema Libérata, akampa kiti.

Jumapili baada ya ibada, Gentille alitoa gunia akaanza kupanga sufuria ndani yake. Alipanga vizuri, kubwa chini, ndogo juu, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi. Libérata alimwangalia mikono. Usiku kucha alikuwa ametafuta njia ya tatu: kungoja msimu mwingine, kutafuta mtu wa kulima kwa niaba yake. Lakini shamba lililokaa miaka mitatu bila mwenyewe huanza kupata wenyewe wengine, na hilo kila mtu wa Masisi analijua. Lazima mmoja aende.

Kwao, anayesafiri hajipikii chakula cha njiani. Kinaitwa impamba, na anayekipika ni yule anayebaki. Ukijipikia mwenyewe ni kama huna mtu anayengoja habari zako.

"Gentille," alisema, "nipikie impamba."

Msichana hakuinua kichwa. "Tunaenda wote, Koko. Mama Françoise njo atapika."

"Mama Françoise iko na kazi yake. Nipikie weye."

Mikono ikasimama juu ya sufuria.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu aliniambia. Nilikuwa nyuma ya Sebarenzi. Ule muzee iko na mugongo sawa ukuta, njo maana hukuniona."

"Sikusema kama sikutaki."

"Najua, mama. Nilisikia yote."

"Na magoti yako?"

"Magoti ni yangu. Nitatembea nayo polepole."

Gentille akaitoa sufuria kubwa, akaiweka chini kwa nguvu, ikalia. "Basi sasa ni weye unaniacha," alisema.

Libérata hakumpa jibu la bibi, lile linalofuta machozi. "Ndiyo," alisema. "Ninakuacha. Na itaniuma sawa vile itakuuma."

Gunia lilikuwa wazi katikati yao. Mama Françoise, ambaye ukuta wa jiko lake ulikuwa wa mianzi na alikuwa amesikia kila neno, alisema kwa sauti kutoka upande wa pili, "Anabaki? Basi aksanti Mungu, nilikuwa natafuta mutu wa kugombana naye. Gentille! Ndizi ziko hapa. Kuja uchukue, na uache kumupigia koko wako kelele ya masufuria."

Gentille alipika mpaka jioni. Ndizi na maharagi, akayafunga katika majani, kifungu baada ya kifungu, na chumvi ikazidi kwa sababu alikuwa anapika huku anajifuta macho. Libérata alionja, akasema ni tamu.

Jumatatu asubuhi msichana alimsindikiza mpaka darajani, amevaa sketi ya bluu na blauzi nyeupe ya shule. Alitaka kuvuka. Libérata akamzuia.

"Kengele italia."

"Bado."

"Gentille. Enda."

Alimwona anaondoka. Kwanza alitembea, kisha akakimbia, begi likimpigapiga mgongoni, na hakugeuka mpaka alipopotea nyuma ya maduka. Libérata alikuwa ameogopa angegeuka.

Kundi lilikuwa la watu kumi na saba, na wote walikuwa wepesi kuliko yeye. Mlima wa kwanza haukuwa mkubwa, lakini katikati yake pumzi zilimwisha, na gunia la mbegu likawa zito begani kama mtu mzima. Kwa miaka mingi kila alipochoka kulikuwa na mkono mdogo uliochukua mzigo kabla hajasema. Sasa watu walikuwa wanazidi kwenda, migongo yao ikipungua mbele yake, na hakuna aliyejua.

Alisimama.

"Papa Sebarenzi!" aliita. "Muningojee. Siwezi kubeba hii peke yangu."

Juu kule mmoja alisimama, kisha mwingine. Sebarenzi alitua mzigo wake barabarani, akaanza kushuka kumfuata.