Bolti ya Nane

Kufikia saa tano asubuhi ya Jumapili nilikuwa nimeshameza matusi ya kunitosha mwaka mzima. Kuna watu wakiitukana bolti inalegea, na mimi ni mmoja wao. Lakini siku hiyo baba mkwe wangu alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, hatua mbili kutoka miguuni mwangu, na mbele ya mkwe mtu hufunga mdomo. Basi nikalala chali chini ya gari langu, nimevaa suruali kuukuu ya mume wangu, kutu inaniingia machoni, na kila spana ilipoteleza nikasema, "Haya." Nilisema haya mpaka neno lenyewe likaanza kusikika kama tusi.

Gari lenyewe ni kibasi cha kubebea wanafunzi, watoto kumi na wanne, kuwapeleka asubuhi na kuwarudisha mchana. Ijumaa klachi ilianza kuteleza kwenye kilima cha shule. Injini inanguruma, gari haliendi, na watoto huko nyuma wananiimbia, "Sukuma, sukuma." Mwalimu mkuu alikuwa amesimama getini anatazama. Muhula huu gari lilikuwa limeshaniharibikia njiani mara mbili, na mwalimu mkuu akaniambia kwa upole, upole ambao ndio ulionitisha: "Mama, Jumatatu saa kumi na mbili na nusu usipokuwa hapa na watoto, kazi nampa dereva mwingine. Wazazi wamenichosha." Jumatatu asubuhi gari liwe barabarani, la sivyo sina kazi.

Baba mkwe alikuwa fundi wa magari kwa miaka arobaini. Tangu aje kuishi nasi, hakuna mtu mwingine aliyeligusa gari langu. Klachi iliyokuwa imechoka ni yeye aliyeiweka, miaka miwili nyuma, peke yake, hapo hapo kwenye sementi ya uani, mimi nikiwa nimesafiri kwenda kumuuguza mama yangu. Siku hizi kiuno kimemkataa kulala chini, kwa hiyo kazi za chini ya gari yeye ni mdomo na mimi ni mikono. Na niseme ukweli, yote niyajuayo kuhusu magari nimeyapata kwake, na nilikuwa najivunia hilo.

Kuifikia klachi lazima kwanza ushushe giaboksi, nayo inashikana na injini kwa bolti nane. Saba tulizitoa Jumamosi kabla ya mchana, nami nikaanza kujisifu kwamba hadi jioni nitakuwa nimeoga. Ya nane iko juu kabisa, imejificha kati ya injini na sakafu ya gari, mtu haioni kwa macho, anaipapasa tu na kuifikia kwa soketi yenye shingo ndefu. Hiyo ilikataa. Tuliimwagia mafuta ikalala nayo usiku kucha. Asubuhi nikaigonga kwa nyundo kichwani, nikachomeka bomba kwenye mpini nipate nguvu zaidi, nikasukuma kwa miguu yote miwili. Bomba likapinda. Bolti haikusogea hata unywele.

"Ipumzishe kidogo," baba mkwe akasema.

"Baba, imepumzika usiku kucha. Mimi ndiye sijapumzika."

Nilitoka chini, nikaenda bombani, nikanawa uso, nikatazama simu, nikarudi. Baada ya dakika kumi nikatoka tena. Sikuwa na haja ya kunawa, nilishindwa tu kutulia. Hata yeye hakuwa ametulia. Kwa kawaida tukifanya kazi huwa anaongea mpaka kichwa kiume, mara gari la tajiri fulani, mara lori lililotumbukia mtoni. Siku hiyo alikuwa anafuta soketi moja kwa kitambaa, akimaliza anaanza upya.

Mume wangu alitoka chumbani kwenye cherehani yake, ametuletea chai na mkate. Ni fundi nguo, na gari analijua kwa kupanda tu. Aliinama akachungulia.

"Hiyo bolti ni kaidi, ya ukoo gani?"

"Ukoo wenu," nikasema, ndipo nikakumbuka baba mtu amekaa hapo. Mume wangu akacheka mpaka chai ikamwagika. Baba mkwe hakucheka.

"Mngeibembeleza," mume wangu akaendelea. "Haraka haraka haina baraka."

"Wewe nenda kashone."

Akaenda. Cherehani ikaanza kulia huko ndani, tr-tr-tr, nayo pia ikaniudhi, kwa sababu kazi yake ilikuwa inaendelea na yangu imesimama.

Saa saba ikapita. Soketi ilianza kuteleza kwenye kichwa cha bolti, na mtu aliyewahi kushika spana anajua maana yake. Kona za kichwa zikishalika, huna tena pa kukamata. Niliacha kuvuta. Nikashusha jeki kidogo ili mkia wa giaboksi uteremke, nikapata upenyo wa mkono, nikapenyeza simu humo juu na taa yake imewaka. Nikapiga picha nne kwa kubahatisha. Tatu zilikuwa za kiwiko changu. Ya nne ilikuwa ya bolti.

Niliitazama nikiwa bado nimelala. Kichwa cha bolti kilikuwa kimeinama. Upande mmoja kimegusana na chuma, upande wa pili kuna mwanya wa kuingiza ukucha. Kutu hukaza bolti, lakini haiipindishi. Hii iliingia mshazari tangu siku ya kwanza, meno yake yamepanda juu ya meno ya tundu, na mtu mwenye nguvu, mwenye bomba, akailazimisha hadi mwisho. Na ni mtu mmoja tu aliyewahi kuifunga.

Damu ilinipanda kichwani. Siku mbili nimelala kwenye sementi! Nikatoka, nikampa simu bila neno, maana ningefungua mdomo yangetoka niliyoyameza tangu asubuhi.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu na pua, akaiweka mbali, akaigeuza kidogo kufuata mwanga.

"Eee," akasema. "Naiona. Kutu hiyo, mwanangu. Kutu tupu."

Nilitazama simu mikononi mwake. Skrini ilikuwa imezimika, kioo cheusi hakina kitu.

"Baba," nikasema, "simu imezima."

Hakuinua uso. Aliiweka simu gotini polepole, akabaki ameifunika kwa kiganja. Hasira yangu ilikuwa bado ipo yote, lakini haikujua tena iende wapi. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika nguo yake.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Muda. Naona ukungu. Asubuhi afadhali kidogo." Akakohoa. "Siku ile nilipoifunga hiyo ya juu, niliipapasa nikaona imekaa. Ilipofika katikati ikawa nzito. Nikaisikia inalia. Chuma kikilia namna ile, fundi anarudisha nyuma anaanza upya. Mimi nilichukua bomba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa nimeshaianza upya mara tano, na kila mara siioni. Ningekuambia, ungempa gari mtu mwingine."

"Na tangu jana unaniangalia nahangaika."

"Nilikuwa naomba ikatike tu. Ikatike, tuseme kutu."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Sijui kama mume wangu alisikia. Nilitembea hadi kwenye kamba ya nguo nikarudi, nikatembea tena nikarudi. Saa nane na robo.

"Iliinamia upande gani?" nikamuuliza.

Akainua mkono wa kulia, akaulaza hewani kama anaishika. Hapo hakubabaika hata kidogo. "Kwa dereva. Usiivute moja kwa moja, unaikaza zaidi. Sukuma shingo ya soketi kuelekea kwa dereva, uishikilie hapo. Halafu kaza kidogo. Ndiyo, kaza. Kisha legeza nusu ya ulichokaza. Ikilia, rudi. Isikilize, mwanangu."

Nililala tena chini. Nikasukuma kwa dereva, nikakaza, nikalegeza. Ikapiga kelele ya kukereketa meno. Nikarudi. Mafuta. Tena. Yeye kule nje ananiambia "rudi" na "haya sasa" kabla hata sijaamua mwenyewe, anaisikia kuliko mimi niliyeishika. Dakika ishirini hivi, na bolti ikaanza kutembea. Ikatoka ndefu, meno yamechanika upande mmoja, ya moto kiasi kwamba niliiachia ikaanguka kifuani mwangu. Nikacheka peke yangu chini ya gari. Saa tisa kasoro. Klachi mpya ilikuwa ndani ya boksi lake, na hadi saa mbili usiku giaboksi ingekuwa imerudi mahali pake. Kazi yangu ilikuwa imepona.

Nilikuwa bado nacheka nilipokumbuka breki.

Breki za magurudumu yote manne alizibadilisha yeye, wiki tatu zilizopita, amekaa kwenye ndoo hiyo hiyo. Mikono ya usukani, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu ya mbele, mwezi kabla ya hapo. Kila nati iliyolishika gari lile ilikuwa imepita kwenye vidole vyake, na kukagua vyote hivyo, na giaboksi iko chini, ni kazi ya siku mbili. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeteremka kile kilima na watoto kumi na wanne wanaimba.

Nilitoka chini nikachuchumaa mbele yake. Nitasema nilichofanya, ingawa sijivunii. Nilimbembeleza.

"Baba, breki si zinashika vizuri? Mimi mwenyewe naendesha, naziona zinashika. Tutazifungua Jumamosi ijayo kwa utulivu. Niambie tu kwamba ulizifunga sawa. Neno lako linanitosha."

Nililitaka neno hilo kwa moyo wote. Angelisema, ningefunga giaboksi, ningelala, na asubuhi ningewapakia.

Miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumsikia akishindwa kulijibu swali la gari.

"Sijui," akasema. "Nilizipapasa nikaona zimekaa. Hata ile bolti nayo niliipapasa nikaona imekaa." Akanirudishia simu. "Usipakie watoto juu ya neno langu, mwanangu."

Nilimpigia mwalimu mkuu nikiwa nimesimama bombani. Nilisema kesho gari haliji, wala kesho kutwa. Aliniuliza kama nimefikiria vizuri. Nikasema nimefikiria. "Sawa, mama," akasema. "Nakutakia heri." Akakata.

Tulianza na gurudumu la mbele, upande wa dereva. Mimi nafungua, yeye kakaa pembeni ameshika taa asiyoihitaji. Kila bolti ya breki ilikuwa imenyooka na kukazwa ipasavyo, kazi safi ya fundi. La pili vivyo hivyo. Nilipojaribu bolti ya mwisho ya gurudumu hilo nikaikuta imekaa imara kama siku ilipotoka dukani, nililia, na nililia kwa hasira, kwa ajili ya kazi niliyoitupa kwa simu ya dakika moja. Yeye hakunibembeleza, wala hakuniuliza nimeona nini.

Alisikiliza mpaka nikamaliza kupenga, kisha akasimama kwa kushikilia ubavu wa gari, akaanza kuupapasa kuelekea nyuma.

"Njoo," akasema. "Bado mawili."