Besi Kutoka Plot ya Kiragu

Jumamosi moja ya Januari 1994, saa nane mchana, Wakarima alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake huko Kabiro, Kawangware, akipangusa gitaa la besi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Lilikuwa gitaa jekundu la nyuzi nne, limekwaruzwa mgongoni na vifungo vya mashati, na kila alipoliinamisha lilimwaga udongo kidogo. Alikuwa na ufagio kando. Alipangusa, akafagia, akapangusa tena.

Mumewe, Kiragu, ndiye aliyekuwa mwenye plot. Alikuwa na vyumba ishirini na vinne vya mabati kwenye shamba aliloachiwa na babake, na watu walimsifu kwa upole wake. Yeye ndiye aliyeandika tangazo kwenye kipande cha katoni na kulitundika nje ya duka: Gitaa kubwa inauzwa, uliza ndani.

Jeconia Opondo alikuwa ametembea kutoka Makina, Kibera, kuja kuliona. Alikuwa fundi wa redio, mtu wa miaka thelathini na mitano, na Jumapili alikuwa akiipigia kwaya ya kanisa lao besi ya kuazima. Mwenye besi hiyo alikuwa amehamia kanisa jingine akaenda nayo, na tangu siku hiyo kwaya iliimba kama nyumba isiyo na msingi.

"Mwenyewe yuko wapi?" Jeconia aliuliza.

"Alihama," Kiragu akasema.

"Akaacha gitaa?"

"Watu huhama vile wanataka."

"Wewe chukua tu," Wakarima akasema. "Inachafua store. Kila siku ni kufagia."

Hapakuwa na spika ya kulijaribia. Jeconia alifanya wanavyofanya wapiga besi wasio na stima: alibana taya lake kwenye ubao wa gitaa ili sauti ipitie mfupani, kisha akavuta uzi mnene kuliko yote. Sauti ilikuja nzuri, nzito, isiyo na haraka. Nyuma ya sauti hiyo alisikia sururu ikigonga ardhi, halafu mtu akakohoa.

"Kuna mtu anachimba hapa karibu?"

Kiragu alitazama sakafu. "Hapana. Tulimaliza kuchimba."

Jeconia alijaribu nyuzi tatu zilizobaki. Shingo ya gitaa ilikuwa imenyooka na vikazio vyote vinne vilishika. Wakaelewana bei. Wakarima alimfungia gitaa kwa shuka kuukuu, na Jeconia alipofika langoni akamkimbilia na ule ufagio, akamwambia auchukue pia.

Kibanda cha Jeconia kilikuwa hatua chache kutoka msikiti wa Makina. Aliliweka gitaa juu ya meza yake ya kazi, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, akafungua kifuniko cha nyuma. Nyaya zilikuwa nzima. Zilikuwa zimezikwa katika udongo mwekundu, baridi, wenye unyevu, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha tangu kabla ya Krismasi. Ndani mlikuwa na nyungunyungu mmoja hai, anajinyonganyonga. Jeconia alisafisha kwa brashi ya rangi, akafunga. Asubuhi udongo ulikuwa umerudi, kiasi cha viganja viwili.

Alilichukulia jambo hilo kama hitilafu ya chombo. Alishawahi kutengeneza redio iliyoshika stesheni moja tu, tena ya lugha ambayo hakuna aliyeijua mtaani, na mwenyewe aliisikiliza miaka minne. Kila asubuhi alimwaga udongo nje. Jirani yake, mama Mnubi aliyepanda dania kwenye sufuria zilizotoboka, aliuomba. Dania iliota kwa siku tatu, imara, ikielekeza majani chini.

Jumapili ya wiki iliyofuata kwaya ilikutana kanisani saa mbili asubuhi kufanya mazoezi kabla ya ibada. Lilikuwa jengo la mabati lenye sakafu ya saruji. Kiongozi wa bendi, Sifuna, alichomeka waya wa besi kwenye spika na kumwambia Jeconia aanze. Jeconia akaanza. Spika haikutoa kitu. Sauti ilitoka sakafuni, ikapanda kwa miguu, na waimbaji wa sauti ya kwanza wakahisi magoti yakitetemeka kwa mpigo.

Sifuna alichomoa waya. Besi iliendelea vilevile.

"Afadhali," akasema. "Tutasevu stima."

Waliimba vizuri siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote. Mchungaji mwenyewe alisema sasa kwaya imekanyaga chini. Tatizo lilikuwa moja. Kila Jeconia alipoondoa mikono kwenye nyuzi, besi ilijipigia kitu kingine, mtindo wa benga, mzunguko mmoja mfupi unaorudiwa, na kwenye pigo la tatu ilichelewa kidogo, kama mtu anayeruka dimbwi. Halafu ilikatika katikati. Haikuwahi kufika mwisho.

Wiki mbili baadaye, wakiwa kwenye mazoezi ya Alhamisi jioni, jua bado liko juu, mwanamke aliingia kanisani na beseni la omena kichwani. Alikuwa Mildred, aliyeuza samaki pale Makina sokoni. Hakuwa mshirika wa kanisa hilo. Alisimama mlangoni mpaka ule mzunguko ukachelewa kwenye pigo la tatu, akashusha beseni.

"Huyo ni Ogola," akasema.

"Hapana, mama," Jeconia akasema. "Mimi ni Jeconia. Jeconia Opondo."

"Wewe ni mikono tu. Anayepiga ni Ogola. Kidole chake cha kati kiligongwa na tofali, ndiyo maana anachelewa."

Sifuna alimletea kiti. Mildred hakuketi. Aliwaeleza kwamba Ogola ni mumewe, na kwamba walikuwa wapangaji wa Kiragu kule Kabiro, chumba nambari tatu. Ogola alipiga besi kwenye bendi ya baa wikendi, na siku nyingine alifanya vibarua vyovyote alivyopata. Aprili ya 1992 Mildred alikwenda nyumbani Siaya na binti yao Adhis kwenye matanga ya shangazi. Aliporudi baada ya siku tisa, chumba kilikuwa na kufuli mpya. Kiragu alimwambia kwa upole kwamba mumewe ameondoka na mwanamke, wameelekea Uganda.

"Nilikataa," Mildred akasema. "Nikamwambia Ogola hawezi. Akaniambia, enda uangalie, hata gitaa amebeba. Nikaangalia, gitaa haikuwa. Hapo ndipo niliamini. Mwanaume amebeba gitaa yake, huyo harudi."

Alilitazama lile gitaa jekundu kifuani mwa Jeconia.

"Nimemtukana miaka miwili. Nilimwambia Adhis babako ni mbwa. Kwao wanasema mimi ndiye nilimfukuza."

Kisha alipiga magoti, akaweka sikio kwenye saruji, akaongea Kijaluo. Aliuliza kwanza kama ni yeye. Besi ikalia mara moja. Akamuuliza yuko wapi. Uzi mnene ulianza kulegea wenyewe, Jeconia akiuona, kikazio kikizunguka polepole bila kuguswa, na kwa kila mzunguko noti moja ikapigwa, ya chini kuliko iliyotangulia, hadi zikashuka mahali ambapo gitaa halina noti. Watu waliendelea kuzihisi kwenye meno. Sifuna alizihesabu kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi ya kiongozi wa bendi. Zilikuwa arobaini.

Kila mtu mle ndani alikuwa na ndugu au rafiki aliyeishi kwa vibarua, na walijua choo cha shimo cha Kawangware kinachimbwa futi ngapi.

Mildred alibaki amelala kifudifudi. "Nilikutukana," akaiambia sakafu, safari hii kwa Kiswahili, mbele ya watu wote. "Nisamehe, baba Adhis." Besi ilikaza uzi wake, ikapiga ule mzunguko wa benga polepole, ikakatika palepale ilipozoea kukatika.

Kesho yake Jeconia na Mildred walitembea hadi Kabiro, gitaa likiwa limefungwa kwenye shuka ya Wakarima. Kiragu alikuwa anapaka rangi lango. Alipomwona Mildred alifunika mkebe wa rangi, akaosha mikono, akawakaribisha sebuleni. Wakarima alileta chai na mkate.

"Alikuwa anachimba choo," Kiragu akasema kabla ya kuulizwa. "Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Udongo ukaanguka. Yule wa kuvuta ndoo alikimbia, sijamwona tena mpaka leo."

"Mlimtoa?"

"Ni futi arobaini, Mama Adhis. Ungemtoa na nini? Na wapangaji walikuwa wanangoja choo. Tukajaza, tukachimba ingine pale kando."

"Ukaniambia ameenda Uganda."

"Ungefanya nini na ukweli? Ungelia tu hapa kwa plot."

Mildred alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikirudisha mezani kwa kishindo, chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza, na Wakarima akainuka kuipangusa.

"Mimi nilimwambia tukwambie," Wakarima akasema, akiwa ameinama. "Kisha ikawa Mei, kisha ikawa Juni."

Walionyeshwa mahali. Juu yake palikuwa pamejengwa chumba nambari kumi na tisa. Mpangaji wake, Kavetsa, alikuwa mshonaji wa nguo, na cherehani yake ilikuwa imefungwa mguu kwa kamba kwenye dirisha. Alieleza kwamba sakafu hukohoa asubuhi, na cherehani isipofungwa hutembea hadi mlangoni. Alikuwa amemlalamikia mwenye nyumba mara mbili. Kiragu alikubali kwamba amelalamika.

Jeconia alilifungua gitaa. Hakulipiga, alilishika tu. Besi ilipiga mzunguko wake chini ya miguu yao, karibu sana, na vumbi likainuka kutoka kwenye nyufa za saruji. Kiragu alisikiliza ameshika kofia mkononi.

"Alikuwa anapiga vizuri," akasema. "Hata wakati ule."

Walikwenda polisi. Afisa wa zamu aliuliza nani anayeripoti kifo. Mildred akasema ni marehemu mwenyewe. Afisa alifungua kitabu, akamwomba Jeconia aweke gitaa sakafuni, akasikiliza mpaka noti ya arobaini. Alisema kwamba mtu huyo amejieleza vizuri, wengi wanaokuja pale hawajielezi hivyo. Ila taarifa ni lazima itiwe sahihi na mwenye kuitoa, na kubomoa chumba cha mtu kunahitaji ruhusa ya mwenye plot. Aliandika: hajulikani aliko. Akawasindikiza hadi mlangoni, kisha akamwita askari aje na ufagio.

Kiragu hakutoa ruhusa. Alisema angependa sana, lakini chumba kina mpangaji.

Mildred aliandika barua Siaya. Mama mkwe alijibu kwamba mtu huzikwa kwao, na kwamba wanangoja mwili. Jeconia alifikiri juu ya jambo hilo siku kadhaa, hakuweza kutengeneza redio hata moja, kisha akamletea Mildred gitaa sokoni akamwambia alichukue, walizike nyumbani badala ya mtu. Alikuwa amelipenda gitaa lile kuliko chombo chochote alichowahi kushika, na alilisema hilo huku anatazama kando.

"Hapana," Mildred akasema. "Amefunikwa mara moja. Mimi simfuniki tena."

Kwaya iliendelea kumtumia Ogola. Machi Kavetsa alihama. Kamba ya cherehani ilikuwa imekatika mara tatu na wateja hawakutaka kuja kupimwa nguo mahali panapokohoa. Jumatatu iliyofuata Mildred alitembea hadi Kabiro, akamwambia Kiragu kwamba anataka chumba nambari kumi na tisa. Kiragu alimpa ufunguo. Alimsaidia hata kubeba kitanda. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi alibisha mlango kwa upole kuchukua kodi, na Mildred alimlipa, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuishi pale.

Jumamosi mchana Jeconia alikuja kupiga. Alikaa kwenye kigoda, Mildred na Adhis kitandani, na Adhis aliambiwa kila sauti ni ya nani: hii ya juu ni ya mjomba Jeconia, hii ya chini ni ya baba. Mtoto alizoea upesi. Alimsimulia babake mambo ya shule akiwa amelala tumbo sakafuni, na baba akikohoa alimwambia pole. Mzunguko ule wa benga haukufika mwisho, wala Jeconia hakujaribu kuumaliza. Aliona si wake.

Agosti, choo cha plot kilijaa. Kiragu aliwaleta wanaume wawili na sururu, ndoo na kamba, akawapimia mahali nyuma ya chumba nambari kumi na tisa, akarudi ndani kunywa chai. Mildred aliwasikia wakiongea. Alitoka na daftari la Adhis, akawasalimia, akawauliza majina yao, na majina ya mabibi zao, na ukishuka kwenye gari unafuata njia ipi kufika kwao.

"Ya nini, mama?" mmoja akauliza.

"Niambie tu."

Wakamwambia. Aliandika polepole, akiwasomea kila neno wamthibitishie, pamoja na duka lililo kwenye njia panda na rangi ya lango. Alipomaliza alifunga daftari. Yule mdogo akatemea mate viganja, akashika sururu, akaanza kuchimba.