Mkono wa Kulia

Karani wa makaburi aliligeuza lile daftari kubwa likanielekea mimi, akaweka kidole kwenye mstari, akasema, "Soma mwenyewe, mama. Mimi nikisoma utasema nimekosea."

Nilikuwa nimeshamwambia amekosea mara mbili. Mimi ni mwalimu wa udereva, na kazi hiyo humfanya mtu awe mwepesi wa kuwaambia wenzake wamekosea. Nyumbani wadogo zangu huniita Trafiki, na si kwa mapenzi.

Nikasoma. Nilikuwa nimekuja kuomba kibali cha kuweka jiwe kwenye kaburi la mama yetu: safu ya tatu kutoka getini, mkono wa kulia, kaburi la nne. Daftari lilisema pale amelala mwanamume. Kazi yake, fundi redio. Aliyeandikisha maziko, mke wake.

"Haiwezekani," nikasema. "Jumapili tumetoka kulipalilia."

"Mmefanya vizuri," karani akasema. "Lakini si lenu."

Mama alifariki nikiwa na miaka sita, na mdogo wangu wa mwisho bado ananyonya. Baba alituhamishia mji mwingine, akaoa, na habari za kaburi zikaishia hapo. Tuliporudi tulikuwa watu wazima wenye watoto wetu. Aliyetuelekeza ni mjomba, tena kwa mdomo tu, maana alikuwa kitandani hajiwezi. Ukiingia getini, alisema, mkono wa kulia. Haukupita muda naye akatutoka. Mjomba alisema mkono wa kulia, nasi kila mwaka tukaenda tukalia kweli, kumbe tunamlilia mume wa mtu.

Karani alifunua kurasa za nyuma, zile zenye wino uliofifia, akamtafuta mama yangu kwa jina nililompa, nami nikimweleza alivyotuelekeza mjomba, mpaka akampata. Kisha akanieleza, akichora kwa kalamu kwenye kiganja chake. Wakati mama anazikwa, watu walikuwa wanaingilia geti la zamani, upande wa barabara ya chini. Barabara ilipopanuliwa geti lile likazibwa kwa ukuta, likafunguliwa hili la upande wa pili.

"Kwa hiyo kulia kwa mjomba wenu ni kushoto kwako," akasema. "Na safu yake ya tatu ni kule mwisho kabisa. Nenda mpaka kwenye ukuta, halafu uhesabu kurudi huku. Namba za kule zimefukiwa siku nyingi."

Alinieleza hivyo mimi, ambaye kila siku ya Mungu namfokea mwanafunzi: kulia kwa nani, kwako au kwa anayekuja mbele yako? Masikio yaliniwaka moto. Nilikunja kile kikaratasi alichoniandikia, nikaaga bila kumtazama usoni.

Kukosea njia si dhambi, na hilo naliona. Kilichonichoma ni kitu kingine. Mwaka ule wa kwanza, mdogo wangu wa mwisho alisimama kando ya lile kaburi, akaangalia kile chuma kirefu kilichochomekwa kichwani pake, akasema, "Dada, kwa nini tusiulize ofisini?" Nikamjibu mbele ya mke wake na watoto wake, "Mama haulizwi ofisini." Akanywea, na hakuuliza tena. Tangu siku hiyo nilikuwa nawapanga wote kwa mstari, namkemea anayekanyaga ukingo, nagawa kazi: wewe jembe, wewe maji, wewe chokaa. Na wakati wa kulia ukifika, anayelia kwa sauti kuliko wote ni mimi. Nilikuwa najivunia, niseme ukweli. Nilikuwa najiona ndiye mtoto hasa.

Nilipotoka ofisini nilikuta bi kizee ameketi pale pale, kwenye lile kaburi, amekunja miguu upande mmoja, mkoba wake mapajani. Alikuwa amevaa miwani myeusi ya hospitali ya macho, ile inayofunika mpaka pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo. Njoo uone kazi ya watu."

Alipapasa mawe ya ukingoni, akanionyesha vidole vyake vimeingia chokaa. Chokaa ile niliinunua mimi.

"Huyu ni mume wangu," akasema. "Hiki chuma ni antena yake. Nilikichomeka mwenyewe siku ya maziko, nisije nikampoteza. Tazama, mpaka antena imepakwa rangi!"

Sisi tulidhani ni alama ya manispaa. Shemeji yangu ndiye aliyekuwa akiipaka rangi, tena mara mbili mbili.

"Pametunzwa," nikasema, maana ilibidi niseme neno.

"Pametunzwa! Mwanangu, miaka yote hii sijakanyaga hapa. Nilihamia kwa binti yangu, mbali. Lakini si umbali. Nilikuwa naogopa kukuta msitu." Akavua miwani, akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, akaivaa tena. "Nina mtoto wa kiume hapa mjini. Siku tunamzika baba yake, wenzake wanafukia, yeye amesimama pale anaongea na simu. Koleo hakuligusa. Nikamwambia mbele ya watu: siku utakapoliinamia kaburi la baba yako kwa jembe, ndiyo siku nitakanyaga kwako. Na sijakanyaga. Wajukuu zangu siwajui sura."

Nilianza kuelewa anakoelekea.

"Kumbe kijana wangu anakuja," akasema. "Kimyakimya. Anafyeka, anapaka chokaa, anaondoka, hata kunitumia salamu kwamba nimefanya, hakuna. Mtoto wa baba yake. Na mimi huku nimemnunia bure! Nina haya, mwanangu. Nina haya hata ya kumtazama."

Maneno nilikuwa nayo yote mdomoni. Mama, si yeye, ni sisi, tulipotea. Sentensi fupi tu. Lakini yule bibi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, anapangusa majani ambayo hayapo, na kila nilipojaribu kuanza, ulimi ulikataa. Watu wakiaibika husema walitamani ardhi ipasuke iwameze. Mahali pale niliogopa hata kuwaza hivyo.

"Wewe una nani hapa?" akaniuliza.

"Mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Kule mwisho," nikasema, na hilo lilikuwa neno langu la kwanza la kweli asubuhi nzima.

Akauliza kama nina gari. Nikasema ninalo, lile ninalofundishia udereva. Mwanawe alikuwa kinyozi, karibu na stendi, akaniomba nimpeleke kwake saa hiyo hiyo kabla moyo haujamgeuka. Ningekataaje? Nilijiambia nitamweleza njiani, taratibu, nikitafuta pa kuanzia.

Tukatembea polepole, ameshika mkono wangu, tukifuata kinjia cha katikati. Gari langu lilikuwa kule chini, kwenye uwanja mdogo ambapo watu wote hugeuzia magari, chini ya kivuli cha ukuta. Mimi siegeshi gari juani. Jua hupasua dashibodi. Kila mwaka tulipokuja na ndugu zangu niliwaelekeza kwa mikono waegeshe hapo hapo, bampa kwa bampa, na nilikuwa nawaambia wanangu: hivyo ndivyo gari linavyoegeshwa.

Katikati ya ukuta palikuwa na mahali ambapo matofali yalikuwa ya rangi tofauti. Geti lililozibwa. Nikasimama. Nikahesabu kutoka pale, nikarudi kwenye kikaratasi, nikahesabu tena. Safu ya kwanza bado ilikuwa na vibao viwili vitatu chini ya ukuta. Ya pili ilikuwa na kimoja, kimelala. Ya tatu haikuwa na kitu, ardhi ngumu tu iliyopigwa na matairi, na doa jeusi la oili. Mahali pa kaburi la nne kutoka kinjiani limesimama gari langu, na ubao wake juu umeandikwa MWANAFUNZI.

Nilikaa chini, nikapitisha mkono chini ya injini, nikagusa ile ardhi. Ilikuwa na joto la gari. Nikalia, lakini si kile kilio changu cha kila mwaka. Hiki kilikuwa hakina sauti, nacho kilinidhalilisha.

"Nini tena?" bibi akauliza. "Umeangusha kitu?"

"Mama yangu yuko chini ya gari."

"Chini ya gari gani?"

"Hili."

Akainama na yeye, akachungulia kwa ile miwani yake, kama mtu anayetafuta paka. Kisha akainuka, akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Sasa miaka yote hii mlikuwa mnakwenda kuliona kaburi gani?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe. Nilimtazama, na mkono wake mmoja bado una chokaa, na ule mkoba ameukumbatia, amejiandaa kwenda kwa mtoto wake. Nikaona nikisema ukweli atarudi kwa binti yake na basi la jioni, na hatakuja mjini tena.

"Tulikuwa hatuji," nikasema.

"Hamji?"

"Hatujawahi kuja, mama. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Alikuwa amenipa mkono niinuke, akauondoa. Alirudi nyuma kidogo, akanipima kuanzia juu mpaka chini, viatu vyangu vizuri, saa yangu, funguo zangu.

"Aibu yenu," akasema. "Watu wazima, mna magari! Mama aliyekubebeni tumboni mnamkanyagia tairi? Na mko wangapi?"

"Wanne."

"Wanne! Mimi nina mmoja tu hapa mjini, hana hata baiskeli, na umeona mwenyewe alivyomtunza baba yake. Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Basi ujifunze kwake. Twende. Nitamwambia akufundishe."

Niliyapokea yote nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nimesema uongo, lakini yale matusi hayakunipata kwa kukosea. Doa la oili lilikuwa langu.

Kulitoa gari pale kulinishinda. Niliogopa kwenda mbele, niliogopa kurudi nyuma, kila upande ni juu yake. Nilipoachia klachi gari likazima. Likazima tena.

"Na wewe ndiye mwalimu?" bibi akauliza. Mara ya tatu likaondoka.

Kibanda cha kinyozi kilikuwa chembamba, kiti kimoja, kioo chenye ufa uliozibwa kwa gundi, benchi la wanaosubiri. Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja. Alipomwona mama yake mlangoni hakuzima mashine. Ilibaki inanguruma hewani, mkononi mwake.

"Nimeona," bibi akasema.

"Umeona nini, mama?"

"Kaburi la baba yako."

Nilimwona uso ukimshuka. Alijua mwenyewe kwamba hajafika kule tangu siku ya maziko, na alidhani mama yake amekuja kumlaani kwa mara ya pili, mbele ya wateja. Akatafuta pa kuiweka mashine, asipaone.

"Limepaliliwa," bibi akasema, na sauti ikamkatika. "Limepakwa chokaa. Kumbe unakuja! Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea sana."

Kinyozi alinyanyua macho juu ya bega la mama yake, akaniona mimi, mtu asiyemjua, nimesimama na vumbi la makaburi magotini. Nikamtikisia kichwa kidogo, nikimwomba asikatae. Sijui alielewa nini. Alizima mashine, akasema kwa sauti ndogo, "Karibu ukae, mama." Hakusema ndiyo, hakusema siyo.

"Na huyu dada," bibi akasema alipokwisha kuketi, akininyooshea kidole, "umfundishe. Mama yake yuko chini ya matairi, hajamfyekea hata siku moja!"

Mteja mwenye nusu kichwa akacheka. Kinyozi hakucheka.

Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akijifuta nywele za watu mikononi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na uso wa kumtazama mwenzake.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni sisi. Tulikosea kaburi."

Akaitikia kwa kichwa. Ndani mama yake alikuwa anamsimulia mteja habari za antena, kwa sauti, kwa fahari. Kinyozi aligeuka akahakikisha hasikiki, kisha akainama kwenye dirisha langu.

"Dada," akasema, "samahani. Kaburi la baba liko wapi?"

Nilishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa halijawaka.

"Nitakupitia kesho alfajiri," nikamwambia. "Kabla hajakuomba umpeleke."

Akasema ahsante bila kuinua uso. Na mimi sikumtazama, niliwasha gari nikaondoka.