Umeme Kwenye Kibofu cha Fyuzi

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sasa fikiria fundi aliyerushwa na umeme kutoka juu ya nguzo, halafu daktari anamwambia dawa yake ni umeme huohuo, tena kwenye kibofu!

"Mnataka kunimalizia?" Fyuzi aliuliza. Hilo ndilo jina walilompa mafundi umeme wenzake.

Lakini angefanyaje? Miguu iliyopooza alipoanguka ilikuwa imeanza kurudi, anatembea kwa magongo. Kibofu ndicho kilichogoma. Kilijaa asijue, kikamwagika asijue. Akawekewa mpira wa mkojo na mfuko wake, akawa anauficha chini ya shuka hata mbele ya wanawe. Daktari hakumficha: wangejaribu umeme mdogo kwa wiki chache, asipohisi chochote, mpira ungekuwa wa maisha. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Kila asubuhi ya matibabu waya mwembamba ulipitishwa ndani ya mpira, mashine ikawashwa, na Fyuzi hakuhisi kitu. Kilichomshangaza muuguzi ni mfuko. Siku za umeme ulijaa upesi kuliko siku za mapumziko, ingawa mgonjwa alikunywa maji yaleyale.

"Naona figo zako nazo zimechangamka," alisema.

"Mmenigeuza pampu," Fyuzi akajibu, akacheka peke yake.

Leo hakucheka. Muuguzi alizima mashine, akatoa waya na mpira, akaenda kuleta mpira mpya. Akakawia. Mke wa Fyuzi akawa anakunja nguo kando ya kitanda. Wote wawili walijua huo mpya ni wa kuzikwa nao.

Ghafla Fyuzi akaruka kitandani.

"Zima! Zima umeme! Unavuja!"

"Unavuja wapi?"

"Chini ya tumbo! Unanichoma, unanivuta! Usiniguse, utanaswa na wewe! Swichi kwanza!"

Mkewe alishtuka hadi nguo zikamdondoka. Swichi kwanza, mtu baadaye: tangu waoane mumewe alimhubiria hivyo. Akakimbilia ukutani. Plagi ilikuwa imelala sakafuni.

"Imechomolewa!"

"Haiwezekani!"

Fyuzi akatoa testa yake ya kupimia umeme mfukoni mwa shati, maana hata hospitali hakuiacha, akaigusisha kwenye chuma cha kitanda. Haikuwaka. Akajaribu tena. Haikuwaka. Tumbo likazidi kumkaza na jasho likamvuja. Sasa aliogopa kwelikweli, kwa sababu umeme unaokuja bila waya hajawahi kuuona.

Mkewe akamtazama vizuri. Amebana mapaja, vidole vya miguu vimejikunja, uso umekunjamana. Yeye amelea watoto watatu. Mkao ule aliujua. Midomo ikaanza kumcheza.

"Baba watoto," alisema, "huo si umeme. Huo ni mkojo. Umekubana."

Fyuzi akaishusha testa.

"Mkojo?"

"Mkojo, mume wangu."

"Kumbe ndivyo unavyobana?"

Alikuwa amesahau. Jambo ambalo hata mtoto mdogo hulijua, yeye lilikuwa limemtoka kabisa. Mkewe akataka kucheka, kikatoka kilio.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akaingia na mpira mpya kwenye trei, akasimama palepale, asielewe nani kafa.

"Dada, rudisha hicho kitu!" Fyuzi alifoka, machozi yakimtiririka mashavuni. "Niletee kopo! Haraka, nimebanwa!"