Maganda ya Mwaka Mpya

Tullis Ferry, mji mdogo kando ya mto Mississippi, hakuna anayefagia siku ya Mwaka Mpya. Anayefagia anamfagia mtu wa nyumbani kwake, na mwaka hauishi kabla hajamzika. Kufua ni vivyo hivyo. Watu hula kunde na mboga za majani, hukaa barazani, na uchafu wa jana hubaki pale pale ulipoangukia. Na uchafu wa jana wenyewe ni maganda ya risasi, kwa sababu mwaka ukigeuka, kila mwenye bastola hutoka uani akafyatua juu kama anayemwamsha Mungu.

Mimi nilizaliwa chini kidogo ya hapo, kando ya mto huo huo, nikahamahama maisha yangu yote, lakini mwiko huo sijauvunja, hata miaka niliyokuwa nalala ndani ya lori. Wakati ninaousimulia nilikuwa dereva wa gari la maabara la watu wa serikali ya shirikisho. Lilikuwa gari refu, jeupe, lisilo na madirisha, na ndani yake mashine ya kupiga picha vitako vya maganda. Kila bastola huliachia ganda alama zake, kama meno yanavyoacha alama kwenye tufaha. Mashine huilinganisha picha hiyo na picha za maganda yaliyookotwa miji mingine, halafu inasema, hili linafanana na lile. Miji midogo haina uwezo wa kununua mashine ya namna hiyo, basi sisi ndio tuliokuwa tukiwafuata.

Mwenye mashine alikuwa Tess Vandermolen, mwanamke mrefu kutoka Michigan, asiyeonja pilipili na asiyesema asilolijua. Mashine ikimwambia maganda mawili yanafanana, haamini mpaka ayaweke yote mawili chini ya hadubini ayaone kwa macho yake. Polisi wa miji mingi hawakutupenda. Walisema watu wa shirikisho huja, huchukua, huondoka, na gazetini jina ni lao. Sajenti Otha Crump wa Tullis Ferry hakuwa hivyo. Yeye alituletea kahawa kabla hatujazima injini.

"Mama, karibu," alimwambia Tess. "Nawe mzee, bado hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie," nikamjibu.

Lakini siku hiyo, siku ya pili ya mwaka, hakucheka. Nesi mmoja, Dorothea Pettway, alikuwa akirudi kutoka ibada ya mkesha, akapigwa risasi ndani ya gari lake kwenye kona ya Mtaa wa Cane. Alijiendesha mwenyewe hadi hospitali, damu ikimjaa kiatuni, akaanguka mlangoni. Kulipokucha akapata fahamu, akataja kona. Crump akaenda, akaokota maganda yaliyokuwa barabarani, akayatia kwenye mfuko wa karatasi. Baadaye polisi wakapita nyumba za jirani wakiomba bastola zilizopigwa mkesha ule. Kijana mmoja aliyekata kambare kiwandani, Cordell Stokes, aliitoa ya kwake bila kuvutwa shati. Alisema, nimepiga ndiyo, lakini juu, uani kwa mama yangu, nyumba ya nne kutoka kona.

Tess akaifyatua bastola ya Cordell ndani ya pipa letu la maji, akalichukua ganda, akalipiga picha. Mashine ikasema kati ya maganda ya mfuko wa Crump, moja limetoka kwenye bastola hiyo. Tess akakaa kwenye hadubini mpaka kahawa yake ikapoa.

"Ni lake," akasema.

Basi Cordell akafungiwa. Keshokutwa asubuhi angepelekwa mbele ya jaji, na kwa karatasi ile ya Tess hapakuwa na jaji wa kaunti ile ambaye angempa dhamana. Angepelekwa gereza la jimbo kungojea kesi, na wanaokwenda kungojea huko wengine hurudi wakiwa watu wengine.

Kesho yake alasiri mama yake akaja. Bibi Vernell Stokes, mjane, mfupi, kofia ya kanisani kichwani ingawa haikuwa Jumapili. Alipiga mlango wa gari letu kwa kiganja.

"Nani mwenye hiyo mashine?"

"Mimi, mama," Tess akasema.

"Mashine yako inasema mwanangu amempiga Dorothea? Dorothea aliyemshika mkono siku anazaliwa?"

"Haisemi hivyo. Inasema bastola yake ndiyo iliyotema ganda. Nani alifyatua, na ganda limefikaje pale, hiyo haijui."

"Sasa kama haijui, kwa nini mwanangu yuko ndani nayo iko nje?"

Nikakohoa ili nisicheke. Tess hakukasirika. Alimvutia kiti, na Bibi Vernell akakaa ukingoni kama mtu asiyetaka kukizoea. Crump alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Hakuingia.

"We Otha, unasimama hapo kama mdai kwa nini? Ingia."

"Niko sawa, Shangazi."

Hakuwa shangazi yake wa damu. Alimfundisha Shule ya Jumapili, na huko kwetu hilo linatosha.

Tess alikuwa na jambo lililomkera tangu asubuhi, nami nilijua, kwa sababu alikuwa akirudia kulitazama ganda lile lile. Akamwambia Crump, "Sajenti, haya mengine yana mikwaruzo ya lami, na mchanga mweusi wa barabarani. Hili moja halina mkwaruzo hata mmoja. Na ukingoni lina kitu cheupe kimekauka. Nimekipima. Ni kinyesi cha kuku. Pale kona kuna anayefuga kuku?"

Crump akaigeuza kofia yake mkononi. "Kona hapana."

"Kuku ninao mimi," akasema Bibi Vernell. "Uani. Cordell hufyatulia pale pale kwenye banda, nikimwambia kila mwaka ataniharibia mayai. Kama ganda lina mavi ya kuku, basi limetoka kwangu!"

"Limetokaje?" Tess akauliza. "Nani aliingia uani kwako?"

"Siku ya Mwaka Mpya? Hakuna. Mie sifagii, sigusi. Mtu pekee ni huyu Otha."

Alisema hivyo akitabasamu, mara ya kwanza tangu aingie. Na akaendelea, maana hakujua anakokwenda. Akaeleza kwamba mjane akianza mwaka bila mwanamume kuwa wa kwanza kukanyaga kizingiti chake, bahati humkimbia, na tangu mumewe afe, Otha huja alfajiri kila Mwaka Mpya kwake na kwa wajane wengine watatu wa mtaa ule. Anaingia, anakunywa kahawa, halafu anawaokotea maganda uani ili watoto wasiyatie mdomoni. Yeye si wa nyumba ile, kwa hiyo akiokota, hamfagii mtu.

Mimi nilimtazama Crump, na Tess alimtazama Crump. Bibi Vernell alitutazama sote wawili, kisha akageuka, na hapo tabasamu likamtoka. Akainuka haraka.

"Lakini aliyamwaga kwenye kopo lake! Nilimwona kwa macho yangu, kopo la kahawa, ndani ya gari lake. Otha, si uliyamwaga? Waambie uliyamwaga."

Huyo ni mama aliyekuwa na mwana ndani ya selo, na bado akamtafutia Crump mlango wa kutokea. Crump angeweza kuupita. Angesema ndiyo, niliyamwaga, na hilo lingekuwa kweli.

"Niliyamwaga, Shangazi," akasema. "Halafu redio ikaniita kona. Mvua ilikuwa inakuja na mifuko mipya ilikuwa kituoni. Nikatumia mfuko ule ule niliookotea uani kwenu."

"Ulikuwa mtupu," akasema Bibi Vernell.

"Nilidhani mtupu. Mifuko ile ina mkunjo chini. Ganda moja linaweza kukaa humo usilione." Akaingia, akasimama kando ya hadubini. "Na nikaandika juu yake kwamba ulikuwa mfuko mpya. Nikatia sahihi. Mama Tess aliposema jana ganda ni la Cordell, niliukumbuka mfuko. Nikajiambia haiwezekani. Nimelala nikijiambia haiwezekani."

Bibi Vernell alimwendea. Nilifikiri anamkumbatia. Alimpiga kofi la begani, zito, kama anayeua mbu.

"Umelala? Umelala kitandani, mwanangu kalala kwenye saruji?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Toka mbele yangu."

Hakuwa na pa kutokea, gari ni jembamba, kwa hiyo akasogea tu ukutani. Tess akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sajenti, unajua nitaandika yote hayo."

"Andika."

"Nitaandika pia kwamba umeyasema mwenyewe, na kwamba hakuna aliyeweza kuyajua bila wewe. Mimi niliona kinyesi tu."

Mkuu wa polisi wa mji alipopigiwa simu alinguruma mpaka tukamsikia sote. Alitaka iandikwe tu kwamba ganda limechafuka kwa sababu isiyojulikana. Watu wa shirikisho watatucheka, akasema, na kila kesi aliyoishika Otha itachimbuliwa. Tess akaomba simu.

"Bwana mkuu, sicheki," akasema. "Ila mfuko wote huu sasa hauna kazi mahakamani, na aliyempiga nesi bado yuko nje. Nipe watu wako na taa. Tuianze kona upya, watu wangu na wenu pamoja, kila kitu kipigwe picha kabla hakijaguswa."

Mkuu akasema, "Otha asiguse kitu."

"Hatagusa. Ataonyesha."

Tukaenda jua likiwa bado lipo. Kona ya Cane haikuwa imefagiliwa, maana hata gari la manispaa hupumzika siku hizo. Crump alisimama mikono mifukoni, akielekeza kwa kidevu: pale niliokota, pale, na pale. Polisi wawili wa mji walitambaa na vijana wawili wa shirikisho walioletwa kutoka Jackson. Mwanzoni walikuwa wakitazamana kama majogoo. Baada ya saa moja ya kulowa magoti pamoja walikuwa wakitaniana kuhusu matumbo yao.

"We wa Jackson, hebu sogea, unazuia mwanga."

"Mwanga unazuiwa na kitambi chako, kaka."

Huyo mwenye kitambi ndiye aliyeliona. Kwenye wavu wa mfereji, limejipachika kati ya vyuma viwili, ganda moja ambalo Crump hakuliona wala mvua haikulichukua. Wakalipiga picha, wakalitoa kwa kibano, wakalitia kwenye mfuko mpya, na wakatia sahihi watu wawili, mmoja wa mji na mmoja wa shirikisho.

Usiku huo Tess hakuniruhusu kuzima jenereta. Kulipokucha mashine ilikuwa imeshasema lake. Ganda la mferejini halikutoka kwenye bastola ya Cordell. Lilifanana na maganda mawili yaliyookotwa mbele ya duka la pombe ng'ambo ya mto, Arkansas, wiki chache nyuma, na polisi wa huko walikuwa na jina la mtu ila hawakujua amekimbilia wapi. Tullis Ferry walijua. Alikuwa kwa binamu yake, nyuma ya kiwanda cha kambare, wakamkamata humo. Wala hakumjua Dorothea. Alikuwa amelewa, akifyatua barabarani badala ya juu. Dorothea alipoambiwa, akiwa bado na mirija puani, alisema tu, "Basi si kwa chuki," akageukia ukuta akalia.

Jaji alizisoma karatasi zote mbili, ya kwanza na ya pili. Akamwuliza Crump kama haya ni maneno yake. Crump akasema ni yake. Jaji akamwachia Cordell hapo hapo. Kabla ya adhuhuri mkuu alikuwa amechukua beji ya Crump, bastola yake na funguo za gari la polisi, mpaka uchunguzi umalizike.

Nilikuwa nikijaza mafuta mkabala na jela Cordell alipotoka, viatu bila kamba. Mama yake alikuwa amemshika kiwiko kama yai. Crump alikuwa anashuka ngazi zile zile kwa miguu, koti begani. Wakakutana chini.

"Ni wewe uliyenitia," Cordell akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe uliyenitoa."

"Nusu. Nusu nyingine yule mama mrefu."

"Sijui nikupige au nikushukuru."

"Anza na lolote. Leo sina bastola."

Cordell akamtazama. Hakucheka. Bibi Vernell alifungua mlango wa gari lake akaingia, akakaa mikono juu ya usukani, anatazama mbele. Nyumbani kwa Crump ni mbali kutoka pale, na mvua ilikuwa imeanza tena. Akainua kola, akaanza kutembea.

Gari la Bibi Vernell likamfikia kwenye taa. Likasimama, ingawa taa ilikuwa ya kijani. Kioo kikashuka, na nikamsikia kijana.

"Panda. Nyuma lakini. Mbele ni pangu."