Nyumba Hii

Mzee Ampofo alifariki Jumanne asubuhi, uji wake ungali wa moto, na kabla ya saa sita ukoo wake ulikwisha kujaa uani. Mwanawe Kwaku, mtengeneza filamu, aliwatolea viti vilevile walivyokalia mwezi uliopita alipokuwa akiwapiga picha.

Filamu ilikuwa wazo la baba. Figo zilikwisha kumshinda, lakini alitaka kuigiza mara ya mwisho: mzee mahututi anayemwachia mpwa wake nyumba. Pale Kumasi, ambako ukoo hufuata upande wa mama, maneno ya mgonjwa wa kufa yakisikiwa na wazee, na mrithi akatoa kinywaji cha shukrani, basi yamekwisha. Hakuna anayeuliza karatasi. Kwaku alilijua hilo. Alidhani ni mchezo.

"Waigizaji wa kukodi wa nini?" baba alimwambia. "Waite wazee wa ukoo wangu. Na mpwa awe Yeboah mwenyewe, mwana wa dada yangu."

Kwaku alitia maji kwenye chupa ya kinywaji cha shukrani. Baba akaonja, akatema. "Mwanangu, unataka wazee wanune mbele ya kamera? Lete pombe kali ya kweli." Kwaku akacheka, akaenda kununua.

Maneno aliyoandikiwa yalikuwa "nyumba ile ya kijijini". Baba akasema, "Yeboah, nakuachia nyumba hii."

"Ni 'ile', Baba."

"Ulimi umeteleza. Turudie."

Walirudia mara tatu, na mara zote ulimi ukateleza palepale. Yeboah akamimina, wazee wakanywa, naye Kwaku akampongeza baba yake hadi machozi yakamlengalenga.

Sasa Mzee Donkor, mkuu wa ukoo, alisafisha koo. "Sisi tulisikia. Na tulikunywa."

"Mzee wangu, ile ilikuwa filamu."

"Basi ilete tuitazame," Yeboah akasema. "Sauti si uliinasa mwenyewe, kaka?"

Mama yake Kwaku alikuwa amesimama mlangoni. Kokoto za msingi wa nyumba hii alizibeba kwa kichwa chake, Kwaku akiwa tumboni.

"Alisema mara ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Mbele yako?"

"Nilikuwa nimeshika kamera, Mama."

Mama akaingia ndani, akaanza kukunja nguo za marehemu.

Arobaini ikipita, Yeboah atahamia pale na wanawe. Mama atakaa kwa Kwaku, katika chumba anachohariria filamu.